Kiungo Tunayemruka Tukizihesabu Zile Tano

Juzi kantini ubishi wa Simba na Yanga uliwaka kama kawaida. Wa Jangwani wakaja na 5-1 yao ya Novemba 2023, wa Msimbazi wakajibu na 5-0 ya Mei 2012. Nikachomekea swali dogo tu: zile tano walifunga nani? Okwi akatajwa fasta. Kaseja naye, maana kipa kufunga si jambo la kila siku. Mmoja akasema Sunzu, kwa kubahatisha. Halafu kimya. Patrick Mafisango hakutajwa na mtu, na nusu ya meza ilikuwa imevaa jezi nyekundu!

Patrick Mutesa Mafisango alizaliwa Kinshasa, 9 Machi 1980. Alipita TP Mazembe ya Lubumbashi, akavuka mpaka kwenda Rwanda akacheza APR na ATRACO, na kuanzia 2006 akaichezea Amavubi, timu ya taifa ya huko. Dar es Salaam aliletwa na Azam, kisha mwaka 2011 akatua Simba. Alikuwa na miaka 31, umri ambao mashabiki wetu huanza kumwita mchezaji babu.

Babu gani yule! Alikuwa anakaba, anapokonya, anasambaza mipira, na ukigeuka unamkuta ndani ya kumi na nane anatafuta bao. Waholanzi walikuwa na mtu wa aina hiyo, Johan Neeskens, kiungo mgumu ambaye kwenye fainali ya Kombe la Dunia 1974 alipiga penalti katikati ya goli kwa nguvu zote, dakika ya pili tu. Simlinganishi Mafisango naye kwa mataji. Nazungumzia kazi: kiungo anayechafuka kule nyuma na bado anaaminiwa mpira ukiwekwa kwenye nukta.

Mechi ya 6 Mei ilikuwa Jumapili, ya kufunga msimu, na Simba ndio walikuwa mabingwa. Mimi nilikuwa na miaka tisa, niko Mtera, kambi ya wavuvi, nasikiliza redio ya betri ya mjomba wangu. Mjomba ni Yanga wa damu. Okwi alifungua mapema, mjomba akavumilia. Kipindi cha pili Mafisango akafunga kwa penalti, mjomba akavumilia tena. La tatu, Okwi tena, akaizima redio na kwenda kukagua nyavu ambazo alishazikagua asubuhi. Mbili zilizobaki, penalti za Kaseja na Sunzu, nilizisikia kwa jirani.

Wiki hiyohiyo Simba walikwenda Sudan wakatolewa Kombe la Shirikisho kwa penalti na Al Ahly Shendi. Wakarudi. Alfajiri ya Alhamisi, 17 Mei, Mafisango akafa kwenye ajali ya gari Dar es Salaam. Siku 11 tu baada ya zile tano. Rwanda walikuwa wameshamwita kambini.

Aliyeniambia ni mjomba. Nilikuwa nimevaa sare za shule, yeye kakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, redio mapajani. Nilimwona mtu wa Yanga akifuta macho kwa ajili ya mchezaji wa Simba, na kwa akili yangu ya miaka tisa hicho ndicho kilichonitisha, kuliko hata kifo chenyewe. Shuleni siku hiyo sikumbuki tulifundishwa nini.

Mwili wake ulirudishwa Kinshasa. Kwetu hapa aliacha msimu mmoja wa ubingwa na video chache zenye picha za ukungu. Okwi aliondoka, akarudi, akafunga tena, ndiyo maana jina lake liko hai. Mafisango hakupata nafasi ya kurudi.

Nilipotoka kantini nikampigia mjomba. Sikumsalimia hata vizuri, nikamuuliza tu zile tano walifunga nani. Alinitukana kidogo, maana hapendi kukumbushwa. Kisha akaanza kuhesabu, na jina la kwanza kulitaja lilikuwa la Mafisango.