Aniceti Kitereza: Mwenye Maarifa Ana Jina



Likizo iliyopita sisi mafrateri tunaosoma falsafa tulikaa na mzee mmoja wa Kimuli. Alitueleza kwa Kinyambo namna ndugu waliogombania shamba walivyopatanishwa zamani. Tuliandika kurasa saba. Tuliporudi seminarini tukagundua kwamba katika kurasa zote hizo tulimwita tu mtoa habari. Majina ya wanafalsafa wa Ulaya tuliyaandika kwa ukamilifu, pamoja na miaka yao. Aibu hiyo ndiyo iliyotukumbusha Aniceti Kitereza.

Kitereza alizaliwa mwaka 1896, katika ukoo wa watawala wa Ukerewe. Alisoma misheni ya Kagunguli, kisha akavuka ziwa kuja huku kwetu Kagera, katika Seminari ya Rubya. Alikaa hapo miaka mingi akijifunza Kilatini na masomo mengine. Hakufikia upadre. Mwaka 1919 alimwoa Anna Katura. Watoto wao walifariki wakiwa wadogo, na wazee hao wawili wakaishi pamoja bila mtoto.

Kitereza aliona vijana wanasahau mila za Wakerewe. Akaanza kuwauliza wazee na kuandika. Hakuandika orodha ya mila, bali hadithi ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, mume na mke wanaotafuta mtoto. Ndani yake mna kilimo, dawa, uvuvi, ndoa, pombe na maziko. Aliimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945.

Hapo ndipo subira ilipoanza. Padre mmoja Mmisionari wa Afrika aliyemtia moyo alianza kuitafsiri kwa Kifaransa, lakini akafariki kabla ya kumaliza. Wachapishaji hawakukitaka kitabu cha Kikerewe, kwa kuwa wasomaji wake wangekuwa wachache. Mwishoni mwa miaka ya 1960, mzee na mgonjwa wa viungo, Kitereza akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House ilikitoa mwaka 1980, miaka 35 baada ya kuandikwa. Kitereza alifariki mwaka 1981, kabla nakala hazijamfikia mkononi.

Katika miaka hiyo ya kungoja, wataalamu walifika Ukerewe kuuliza habari za kale. Ingekuwa rahisi kuchota maarifa ya mzee huyo na kwenda zao. Gerald Hartwig, mwanahistoria Mmarekani, pamoja na Charlotte Hartwig, walifanya tofauti. Mwaka 1972 waliandika makala juu ya Kitereza, wakimtaja kwa jina kama mwandishi wa riwaya. Mwaka 2002 Gabriel Ruhumbika, profesa na mwandishi mzaliwa wa Ukerewe, alikitoa kitabu kwa Kiingereza, kikiwa na jina la Kitereza.

Sisi tunajifunza mambo mawili. La kwanza, haki katika taaluma huanza na jina. Anayetupa maarifa si kisima cha kuchotwa; ni mwalimu, hata kama hana shahada. Amri ya saba inakataza kuiba, na wazo la mtu nalo ni mali yake. La pili, kutaja jina peke yake hakutoshi. Kitereza alikuwa na jina, ila alikosa kitabu chake. Haki iliyochelewa ilimkuta kaburini.

Kwa hiyo likizo ijayo tutarudi Kimuli na kurasa zetu saba. Tutamsomea mzee wetu tulichoandika, kwa lugha yake, aturekebishe palipokosewa. Tutamwomba ruhusa ya kuandika jina lake, na akikataa tutaheshimu. Tutamwachia nakala nyumbani kwake. Nawe msomaji, ukiwa na bibi au babu anayejua mambo, kaa naye uandike, kisha umpelekee alichokupa angali hai.

Raha ya milele umpe, ee Bwana, mtumishi wako Aniceti.