Luigi Broglio, Mtaliana wa Ngomeni

Tuliokulia baina ya Mambrui na Ngomeni twayajua yale majukwaa ya chuma ya Ghuba ya Ungwana. Wavuvi waliyazoea kama walivyozoea miamba. Lakini mwulize kijana ni nani aliyeyaleta, atakwambia ni Wataliana, aishie hapo. Mtu mwenyewe ni Luigi Broglio, nami naona si haki jina lake kupotea pwani hii.

Alizaliwa Mestre, karibu na Venice, tarehe 11 Novemba 1911. Alisomea uhandisi, akapanda vyeo katika jeshi la anga hata akawa jenerali, na huku akisomesha Chuo Kikuu cha Roma. Nchi yake ilikuwa imetoka vitani mikono mitupu, na mbio za angani zilikuwa za Marekani na Urusi. Mwaka 1962 Italia ikapatana na Marekani: Wamarekani watoe roketi na mafunzo, Wataliana waunde setilaiti na kuirusha wenyewe. Setilaiti yao ya kwanza iliruka kutoka Marekani, Disemba 1964.

Broglio alitaka ikweta. Hapo ndipo mwendo wa dunia inayozunguka ni mkubwa kupita kwengine kote, kiasi cha kilomita 1,670 kwa saa, na roketi ikirushwa kuelekea mashariki huupata mwendo huo bure, kama jahazi lililokutana na mkondo. Ngomeni haifiki digrii 3 kusini ya ikweta, na mashariki yake ni bahari tupu. Basi majukwaa yakaletwa kwa bahari: San Marco la kurushia, Santa Rita la kuongozea. Tarehe 26 Aprili 1967 San Marco 2 ikaruka, na ndani yake kifaa alichokibuni Broglio mwenyewe cha kupima uzito wa hewa nyembamba ya huko juu.

Kubwa zaidi lilikuja tarehe 12 Disemba 1970, siku ambayo Kenya ilitimiza miaka saba ya kujitawala. Wamarekani walileta setilaiti yao ya kilo 140 hivi, mafundi wa Broglio wakairusha, na Marjorie Townsend, bibi aliyesimamia kazi hiyo, akaipa jina la Uhuru. Hiyo ndiyo setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kutazama eksirei za mbinguni. Eksirei hizo hazifiki ardhini, hewa huzizuia (na Alhamdulillahi, maana zingetudhuru). Kuziona ni lazima upande juu ya hewa. Tena kule juu ya ikweta vyombo havisumbuliwi sana na chembe za mionzi zinazoizunguka dunia.

Miongoni mwa vitu vilivyoonekana ni mabaki ya nyota zilizopasuka. Nyota kubwa ikifika ajali yake hulipuka, na gesi yake huwa na joto la mamilioni ya digrii. Jicho halioni kitu, eksirei zatoka. Mojawapo ni ya mwaka 1054, aliyoitaja tabibu Ibn Butlan wa Baghdad. Tarehe 15 Novemba 1972 ikaruka kutoka Ungwana SAS-2, ya kutazama mionzi ya gama, ikayapata mapigo yatokayo katikati ya mabaki hayo hayo. Umeme wake uliharibika Juni 1973, lakini kazi ilikuwa imeshafanyika.

Setilaiti tisa zilirushwa hapo hadi 25 Machi 1988, na hata moja haikuanguka. Naliona hilo ni jambo la kustaajabisha kwa kazi iliyofanywa juu ya mawimbi.

Broglio alifariki Januari 2001. Mwaka uliofuata Riccardo Giacconi, Mtaliana mwenziwe aliyewaongoza wanafalaki wa Uhuru, alipata tuzo ya Nobel. Kituo cha Ngomeni chaitwa kwa jina la Broglio. Na Uhuru ilihesabu vitu 339, ambavyo wanafalaki hadi leo huviandika kwa alama ya 4U, yaani orodha ya nne ya Uhuru.