Howard Hawks: Mwongozaji wa filamu za giza aliyekuja kufukuza vifaru Tanganyika

Ukitoka Arusha kuja Babati, ukifika maeneo ya Minjingu unaliona Ziwa Manyara upande wako wa kulia. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, mwongozaji wa filamu wa Marekani, Howard Hawks, alikuja huku kaskazini kupiga filamu aliyoipa jina la Kiswahili: Hatari!

Tunamkumbuka leo kwa sababu vijana wa hapa mjini wanaojifunza filamu wametuuliza namna ya kupanga mwanzo wa filamu ya giza. Ni zile filamu za uhalifu zenye vivuli vizito, ambazo wakosoaji wa Ufaransa walizipa jina la filamu nyeusi mwaka 1946.

Hawks alizaliwa tarehe 30 Mei 1896 mjini Goshen, jimbo la Indiana. Alisomea uhandisi wa mitambo Chuo Kikuu cha Cornell, na wakati wa likizo alifanya vibarua studio. Filamu ya kwanza aliyoiongoza ilitoka mwaka 1926. Mwaka 1932 ikafuata Scarface, kuhusu majambazi.

Mwaka 1946 ilitoka The Big Sleep, yenye Humphrey Bogart na Lauren Bacall. Vijana, itazameni dakika yake ya kwanza. Kwanza ni vivuli vya mwanamume na mwanamke wakivuta sigara. Kisha kibao cha jina mlangoni. Kisha kidole kinabonyeza kengele. Bado hujamwona mpelelezi vizuri, lakini tayari unataka kujua amefuata nini katika nyumba ile.

Huo ndio mfano mzuri wa kujifunzia storibodi, yaani michoro ya visanduku inayoonyesha picha moja baada ya nyingine. Kila kisanduku kibebe jambo moja. Andika mwanga unatoka wapi, kamera ipo karibu au mbali, na sauti gani inasikika. Penseli na daftari vinatosha. Kosa la kwenye karatasi hufutwa kwa kifutio. Kosa la siku ya kupiga picha hula nauli, chaji na muda wa watu.

Hata Hawks alirudia kazi. Toleo la kwanza la The Big Sleep lilionyeshwa kwa wanajeshi wa Marekani mwaka 1945. Baadaye baadhi ya matukio yakapigwa upya, ndipo filamu ikatoka kwa umma.

Hatari! ilitoka mwaka 1962, Tanganyika ikiwa imeshapata uhuru. John Wayne na wenzake waliwafukuza wanyama wa kweli kwa magari. Inaanza na kifaru anayemjeruhi mmoja wa wawindaji, mchana kweupe. Hapo mpango ulikuwa na kikomo, kwa kuwa hakuna mchoro unaomwelekeza kifaru pa kupita. Hadithi ilibidi ifuate kilichonaswa na kamera. Lakini nyota wake wote wakubwa walitoka nje. Wenyeji walibaki pembeni.

Hawks alipewa Oscar ya heshima mwaka 1975, akafariki tarehe 26 Desemba 1977 akiwa na miaka 81.

Yeye alichukua neno letu na mandhari yetu. Vijana wa Babati mnayo yote mawili, na safari hii wahusika wakuu mnaweza kuwa ninyi. Anzeni na kisanduku cha kwanza.