SPEARMAN: ALIACHA JESHI NA MIAKA 34, AKAJA KUPIMA AKILI ZA WATU

Wadau, nani kati yenu amefanya utafiti chuoni asikutane na Spearman? Mimi nilikutana naye kwenye tasnifu. Nikaingiza namba kwenye kompyuta, jibu likatoka, nikaendelea na safari. Sikujua hata kama ni mtu au kampuni. Nilipokuja kusoma habari zake nikabaki mdomo wazi.

Charles Spearman alizaliwa London mwaka 1863. Mwaka 1883 akaingia jeshini, akapelekwa mpaka Burma, akafikia cheo cha kapteni. Mwaka 1897 akaacha kazi, akaenda Leipzig, Ujerumani, kusoma saikolojia kwa Wilhelm Wundt. Hebu fikiria, mtu mzima keshazoea kupigiwa saluti, anaanza moja! Vita vya Makaburu vikamrudisha jeshini, masomo yakasimama. Udaktari aliupata mwaka 1906, keshavuka 40. Baadaye aliandika kwamba ile miaka ya jeshi aliijutia kuliko kitu kingine.

Lakini kabla hajamaliza, mwaka 1904, alishatoa makala mbili zilizompa jina. Aliwapima watoto wa shule ya kijiji kule Berkshire: nani anatofautisha vizuri sauti, mwanga na uzito, kisha akalinganisha na maendeleo yao darasani. Hesabu yenyewe siyo ngumu jamani. Chukua wanafunzi watano, andika nafasi zao kwenye Hisabati na kwenye Kiingereza. Toa nafasi moja kwa nyingine, zidisha kila tofauti kwa yenyewe, jumlisha. Tuseme umepata 4. Zidisha kwa 6, gawanya kwa 120 (yaani 5 mara 24), toa kwenye 1. Jibu 0.8: aliye juu huku, mara nyingi yuko juu na kule.

Kutokana na hesabu za namna hiyo akasema chini ya masomo yote kuna uwezo mmoja wa jumla, akaupa jina la herufi moja tu, g. Juu yake kila somo lina uwezo wake wa pekee.

Hapo ndipo aliponigusa. Shuleni kwetu kulikuwa na vipanga na vilaza, na mimi nilikuwa kundi la pili. Ukifeli hesabu, basi wewe ni kilaza wa kila kitu, na mwalimu anakutangaza mstarini. Niliposoma habari ya g nikaona huyu mzungu kamuunga mkono mwalimu wangu!

Ila hakuachiwa hivi hivi. Mwaka 1916 Godfrey Thomson alitumia dadu kuonyesha kwamba mpangilio uleule wa namba unaweza kutokea hata kama hakuna uwezo mmoja wa jumla. Mwaka 1938 Thurstone wa Chicago akatoa hesabu yake, akapata uwezo wa aina saba. Na ule uhusiano kati ya masikio makali na akili, ambao Spearman aliuona karibu kamili, wengine walipopima hawakuupata mkubwa hivyo. Kusema kweli, masomo kwenda pamoja bado kunaonekana mpaka leo kila watu wanapopimwa. Ugomvi ni maana yake.

Alifundisha University College London: aliingia 1907, profesa 1911, akastaafu 1931. David Wechsler, ambaye vipimo vyake vya akili vinatumika duniani kote, alipita mikononi mwake.

Mwisho wake ulikuwa mzito. Mwanawe wa pekee wa kiume aliuawa vitani Krete mwaka 1941. Yeye mwenyewe alifariki Septemba 17, 1945, baada ya kuanguka kutoka dirisha la hospitali London, umri miaka 82.

Mimi ile tasnifu nilipata B+. Haya, vilaza wenzangu mliokuja kutoka baadaye, mko wapi? Semeni hapa.