Paulo Freire: neno lirudi kwa mwenyewe

Nimejaza daftari mbili kwa maneno niliyopewa na akina mama wachuuzi wa soko moja la Lubumbashi. Nilipata alama nzuri; wao hawakupata kitu. Ndiyo maana nayakumbuka maisha ya Paulo Freire.

Alizaliwa Recife, Brazili, mwaka 1921, na umaskini aliuonja tangu utotoni. Chuo Kikuu cha Recife kilipomkabidhi idara ya huduma kwa jamii, hakukubali elimu iishie darasani. Mwaka 1963, mjini Angicos, wanafunzi walianza kwa kusikiliza: waliandika maneno ya kazi na ya nyumbani. Kwa maneno hayohayo wakawafundisha kusoma wafanyakazi wapatao 300, kwa saa 40 tu. Katika njia yake, neno kama «tofali» lilikatwa silabi, kisha likazua mjadala: nani hufyatua tofali, na nani hukaa ndani ya nyumba?

Mwaka 1964 wanajeshi walitwaa serikali. Walimfunga siku 70, naye akaishi uhamishoni hadi 1980. Huko Guinea-Bissau alisaidia kampeni iliyofundisha kwa Kireno, lugha ambayo wakulima wengi hawakuisema, na mavuno yakawa haba. Alifariki mwaka 1997.

Fundisho hilo latuhusu sisi wa lugha za Kiafrika. Aliyetupa neno anastahili kurudishiwa likiwa limeandikwa, na kufundishwa kulisoma. Daftari zangu zitarudi sokoni.