Branch Rickey: Mpangaji vikosi aliyevunja ukuta wa ubaguzi katika besiboli

JUNI 28, 1907 ilikuwa siku ya fedheha kwa kijana mmoja aliyeichezea timu ya New York Highlanders, ambayo baadaye ilikuja kujulikana kama New York Yankees.

Kijana huyo alikuwa mdakaji, yaani mchezaji anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kudaka mipira inayorushwa. Miongoni mwa kazi za mdakaji ni kuwazuia wapinzani wasichomoke mbio kutoka kituo kimoja hadi kingine kabla ya mpira kupigwa, hila ambayo katika besiboli huitwa kuiba kituo. Siku hiyo mkono wake ulikuwa mbovu, na wachezaji wa Washington wakaiba vituo 13 mbele ya macho yake.

Jina lake lilikuwa Branch Rickey, na uchezaji wake haukudumu sana baada ya hapo. Lakini kwa karibu nusu karne iliyofuata ni wachache mno waliomfikia katika kazi iliyo ngumu kuliko kudaka mpira, nayo ni kuamua nani asajiliwe, nani abaki kikosini na nani aachwe aende zake.

Rickey alizaliwa Desemba 20, 1881 katika jimbo la Ohio, Marekani, kwenye familia ya wakulima walioshika sana dini ya Kimethodisti. Alimwahidi mamake kwamba hatacheza siku ya Jumapili, na ahadi hiyo akaitunza maisha yake yote. Hata alipokuwa mkufunzi, timu yake ilipocheza Jumapili ilisimamiwa na mtu mwingine. Wakosoaji wake hawakuchoka kukumbusha kwamba mapato ya milangoni ya siku hiyo hakuyakataa.

Baada ya kuugua kifua kikuu alisomea sheria katika Chuo Kikuu cha Michigan na kuhitimu mwaka 1911. Alijaribu uwakili mjini Boise, jimbo la Idaho, lakini wateja hawakuja. Mwaka 1913 akarudi katika besiboli, safari hii kama mwajiriwa wa ofisi ya St. Louis Browns, na mwaka 1917 akahamia kwa majirani wao, St. Louis Cardinals.

Cardinals ilikuwa klabu fukara. Inasimuliwa kwamba Rickey alilazimika kuchukua zulia la nyumbani kwake na kulitandika ofisini ili wageni wasiione aibu ya klabu. Ufukara huo ndio uliomfunza kazi yake.

Siku hizo klabu za ligi kuu zilinunua wachezaji kutoka klabu ndogo za majimboni. Rickey alikuwa na jicho kali la kutambua kipaji, na sifa hiyo ikageuka kuwa mzigo. Kila alipouliza bei ya kijana fulani, mwenye klabu ndogo alikimbilia klabu tajiri kama New York Giants na kuziarifu kwamba Rickey anamtaka mchezaji huyo. Bei ilipanda papo hapo, na Cardinals ikabaki mikono mitupu.

Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1910 Rickey alianza kununua hisa katika klabu ndogo zenyewe, kwanza Houston na Fort Smith, kisha Syracuse. Badala ya kununua mchezaji aliyeiva, angemsajili akiwa mchanga kwa fedha kidogo, amlee katika klabu ya chini, ampandishe ngazi baada ya ngazi, na hatimaye amlete St. Louis akiwa tayari. Vilikuwa vitalu vya wachezaji. Wakati mfumo huo ulipofikia kilele chake, Cardinals ilikuwa na klabu zaidi ya 30 chini ya mamlaka yake na mamia ya vijana.

Matunda yalionekana. Mwaka 1926 Cardinals iliwalaza Yankees na kutwaa World Series, fainali za ubingwa wa besiboli, kwa mara ya kwanza katika historia yake. Ikatwaa tena mwaka 1931 na 1934. Kikosi cha mwaka 1942, kilichoshinda mechi 106 na kisha kuwalaza Yankees, karibu chote kilikuwa zao la vitalu vya Rickey, akiwemo chipukizi Stan Musial.

Kuwa na wachezaji wengi kulimpa Rickey uhuru ambao wapinzani wake hawakuwa nao. Aliamini kwamba ni heri kumuuza mchezaji mwaka mmoja kabla ya kuchuja kuliko mwaka mmoja baada ya kuchuja. Mfano maarufu ni Dizzy Dean, mrushaji aliyeshinda mechi 30 mwaka 1934 na kupendwa mno na mashabiki. Dean aliumia kidole cha mguu mwaka 1937, akabadili namna yake ya kurusha na kuharibu mkono. Mwaka uliofuata, kabla ya msimu kuanza, Rickey alimuuza kwa Chicago Cubs kwa Dola 185,000 pamoja na wachezaji watatu. Katika miaka yake yote Chicago, Dean alishinda mechi 16 tu.

Hesabu hiyo ilikuwa na upande wake mchungu. Vijana wa vitaluni walilipwa kiasi kidogo, na kanuni za enzi hizo zilimfunga mchezaji kwa klabu yake hata mkataba ulipoisha. Kijana mwenye uwezo wa kucheza ligi kuu kwingineko angeweza kuozea Houston kwa sababu St. Louis ilikuwa na mwingine wa nafasi hiyo hiyo. Rickey mwenyewe alipata fungu la fedha zilizotokana na mauzo ya wachezaji. Mwaka 1938 kamishna wa besiboli, Jaji Kenesaw Mountain Landis, aliwaachilia huru vijana zaidi ya 70 wa Cardinals. Mmoja wao, Pete Reiser, aliangukia mikononi mwa Brooklyn Dodgers na kuongoza ligi kwa upigaji mwaka 1941.

Ni Brooklyn hiyo hiyo iliyomchukua Rickey mwishoni mwa 1942. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimepamba moto na klabu nyingi zilikuwa zimefunga mkoba wa usajili, kwani vijana walikuwa wakienda jeshini. Rickey akafanya kinyume. Alituma wajumbe wake katika shule za upili kote nchini na kusajili vijana ambao wengi wao wangevaa magwanda ya kijeshi kabla ya kuvaa jezi. Hesabu yake ilikuwa kwamba vita vitakwisha, na siku hiyo Brooklyn itakuwa na ghala lililojaa. Gil Hodges na Duke Snider waliingia kwa njia hiyo.

Lakini palikuwa na ghala jingine ambalo hakuna klabu ya ligi kuu iliyothubutu kuligusa. Tangu miaka ya 1880 wachezaji weusi walikuwa wamefungiwa nje. Hapakuwa na sheria iliyoandikwa. Palikuwa na mapatano ya kimyakimya baina ya wenye klabu. Weusi walikuwa na ligi zao, na humo mlikuwa na wachezaji waliowazidi wengi wa ligi kuu.

Rickey alipenda kusimulia kisa cha ujana wake, alipokuwa akifunza timu ya chuo cha Ohio Wesleyan. Hoteli moja mjini South Bend ilikataa kumpokea mchezaji wake mweusi, Charles Thomas, hadi Rickey alipopendekeza alale chumbani mwake. Usiku huo, kwa masimulizi yake, Thomas alilia huku akijisugua mikono kana kwamba angeweza kuibandua ngozi. Wapo wanaoshuku kwamba kisa hicho kilitiwa chumvi kila kiliposimuliwa. Hata hivyo, Thomas aliishi, akawa daktari wa meno, na urafiki wao ulidumu.

Dini ilikuwa sababu moja, na biashara ilikuwa nyingine. Rickey alitaka kushinda, alitaka uwanja ujae, na alijua kwamba klabu itakayotangulia ndiyo itakayochagua walio bora. Si lazima kuamua ipi ilikuwa na uzito zaidi. Landis alifariki mwaka 1944, na mwaka uliofuata jimbo la New York likapitisha sheria dhidi ya ubaguzi kazini. Njia ikafunguka. Rickey akatangaza kwamba anaunda timu mpya ya weusi, na chini ya pazia hilo akatuma wajumbe kuwapeleleza wachezaji.

Hakutafuta aliye bora uwanjani pekee. Alitafuta atakayestahimili. Agosti 28, 1945 Jackie Robinson wa Kansas City Monarchs aliingia ofisini mwake mjini Brooklyn. Robinson alikuwa na umri wa miaka 26, amesoma chuo kikuu cha UCLA, na mwaka mmoja awali alikuwa ameshtakiwa katika mahakama ya kijeshi na kuondolewa lawama baada ya kukataa kuhamia nyuma ya basi. Kwa takriban saa tatu Rickey alimwigizia karani wa hoteli mwenye dharau, mpinzani mwenye matusi na shabiki mwenye chuki. Alitaka ahadi kwamba Robinson hatajibu mapigo. Robinson akaahidi.

Akasajiliwa kwa timu ya Montreal, kitalu cha juu cha Dodgers, kwa marupurupu ya Dola 3,500 na mshahara wa Dola 600 kwa mwezi. Monarchs hawakupata hata senti moja. Rickey alidai kwamba mikataba ya ligi za weusi haikuwa na uzito wa kisheria, akawachukua wachezaji bila kulipa fidia. Mwenzake wa Cleveland, Bill Veeck, alipomchukua Larry Doby mwaka 1947, aliilipa Newark Eagles Dola 15,000. Ligi za weusi zilidhoofika upesi baada ya hapo, zikapoteza nyota na watazamaji. Doa hilo halifutiki kwa kutaja wema wake mwingine.

Robinson aliongoza ligi kwa upigaji akiwa Montreal mwaka 1946. Swali la msimu wa 1947 likawa la kupanga kikosi. Dodgers ilikuwa na Pee Wee Reese na Eddie Stanky katika nafasi alizozizoea Robinson, kwa hivyo akapelekwa kituo cha kwanza, mahali pageni kwake. Wakati wa mazoezi baadhi ya wachezaji walianzisha waraka wa kumpinga. Mkufunzi Leo Durocher aliwakaripia usiku wa manane, na Rickey akazungumza nao mmoja mmoja. Siku chache kabla ya msimu, Durocher mwenyewe akasimamishwa kazi na kamishna kwa mwaka mzima.

Aprili 15, 1947 Robinson aliingia uwanjani Ebbets Field. Msimu ulipokwisha alikuwa ameiba vituo 29 na kutajwa mchezaji chipukizi bora, nayo Brooklyn ikafika World Series na kushindwa na Yankees.

Rickey hakupoteza muda. Dixie Walker, kipenzi cha Brooklyn aliyeomba kuhamishwa, alipelekwa Pittsburgh katika mabadilishano yaliyomleta mrushaji Preacher Roe na Billy Cox. Stanky naye akauzwa Boston ili Robinson apate kituo cha pili. Mwaka 1948 Boston hiyo hiyo ikatwaa taji la ligi, na mashabiki wa Brooklyn wakamlaani Rickey. Mwaka 1949 Robinson akatajwa mchezaji bora wa ligi, na taji likarudi Brooklyn. Kando yake walikuwapo Roy Campanella na Don Newcombe, weusi wengine wawili waliosajiliwa na Rickey.

Kenya nayo ina deni kwa Robinson. Mwaka 1959, akiwa amestaafu, alijiunga na Harry Belafonte na Sidney Poitier kutia saini barua ya kuchangisha fedha za kuwasafirisha wanafunzi waliokusanywa na Tom Mboya. Ndege ya kwanza ilibeba wanafunzi 81, wengi wao Wakenya, kwenda vyuo vya Marekani.

Rickey aliondoka Brooklyn mwaka 1950 baada ya kushindwa na Walter O'Malley katika vita vya kumiliki klabu. Dodgers ilipotwaa World Series mwaka 1955, ubingwa wake wa pekee ikiwa Brooklyn, uti wa mgongo wa kikosi ulikuwa wa wachezaji aliowasajili yeye.

Kwake mambo yalikuwa mabaya. Akiwa Pittsburgh Pirates alijaza kikosi vijana ambao hawajaiva, na mwaka 1952 timu ilipoteza mechi 112. Ralph Kiner, aliyeongoza ligi kwa mapigo ya nje ya uwanja kwa misimu saba mfululizo, alinyimwa nyongeza ya mshahara kwa hoja kwamba timu ingeweza kushika mkia hata bila yeye. Mwaka 1953 akauzwa, na Pirates ikashika mkia bila yeye. Rickey aliacha usukani mwaka 1955 huku akichekwa.

Lakini mwishoni mwa mwaka 1954 klabu yake ilikuwa imemchukua kijana wa Puerto Rico ambaye Dodgers ilijaribu kumficha Montreal. Kijana huyo alikuwa Roberto Clemente. Yeye, Dick Groat na Bill Mazeroski, wote wa enzi ya Rickey, walikuwa kikosini Pittsburgh ilipowapiku Yankees na kutwaa ubingwa mwaka 1960.

Novemba 13, 1965 Rickey alianguka akihutubia hafla ya kumtuza mjini Columbia, Missouri. Alifariki Desemba 9, siku chache kabla ya kutimiza miaka 84.

Robinson alihudhuria mazishi. Alikuwapo pia Bobby Bragan, mdakaji aliyeomba mwaka 1947 ahamishwe kuliko kucheza na Robinson. Rickey hakumhamisha, mwaka uliofuata alimpa timu ya Fort Worth aifunze. Alipokuja mazishini Bragan alikuwa mkufunzi wa Milwaukee Braves, timu ambayo nyota wake mkuu alikuwa mtu mweusi, Hank Aaron.