Alice Harris, mama aliyemshitaki Leopold kwa foto

Kwenye mikutano ya sendika ulizo moja linarudi kila mara: foto ya telefone inatosha kushuhudia yanayotokea shimoni? Tunajibu kwa maisha ya mama mmoja muzungu, juu kazi yake ilifanyika hapa jirani, Baringa, kwenye mto Maringa, katika Tshuapa, magharibi ya Tshopo yetu.

Alice Seeley alizaliwa Malmesbury, Uingereza, mwaka 1870. Mei 1898 aliolewa na John Harris, na siku chache tu baadaye walipanda meli kuja Kongo, wote wawili wamisionere. Ile Kongo ilikuwa mali ya mtu mmoja, Leopold II. Kampuni ya ABIR ilipewa nchi ya Maringa na Lopori. Kila kijiji kililazimishwa kuleta mpira wa porini kwa kilo, na kilichopungukiwa kilitumiwa walinzi wenye bunduki.

Tarehe 14 Mei 1904 Nsala wa Wala alifika kwenye misioni na kifurushi cha majani. Ndani mlikuwa mkono na mguu wa Boali, binti yake wa miaka 5, aliyeuawa na walinzi wa ABIR. Alice akamwomba baba huyo aketi ukingoni mwa baraza, vile viungo viwili mbele yake, akapiga foto.

Watu wanapenda kusema alitumia Kodak ndogo. Jina hilo lilienea kwa kijitabu cha Mark Twain cha 1905, ambamo Kodak ndiyo shahidi pekee asiyenunulika na mfalme. Lakini tufikiri kidogo. Kodak Brownie ilitoka 1900 kwa dola 1, nyepesi, ya kushika mkononi. Negatifu yake haikufika sentimita 6 kila upande, na ukiipanua sana kila kitu kinakuwa ukungu. Apareyi kubwa za vioo zilitaka miguu mitatu, sanduku zito la vioo vinavyovunjika, chumba cha giza katika joto la msitu, na mtu anayepigwa atulie kabisa. Kwa jasho hilo zilishika hata mikunjo ya ngozi. Sisi, tukiangalia namna Nsala alivyokaa kimya, tunaona ni kazi ya apareyi kubwa.

Mwaka 1906 Alice na mume wake walizunguka Marekani, mikutano zaidi ya 200 katika miji 49. Foto zilikuwa kwenye vioo vya sentimita 8 hivi, zikarushwa kwa taa juu ya kitambaa kikubwa, watu wa nyuma kabisa waone. Foto yenye ukungu ingewaonyesha vijiti viwili sakafuni, basi.

Telefone zetu ziko na shida ileile. Kipande kinachopokea mwanga ndani yake ni kidogo kuliko ukucha. Nje, mchana, foto inatoka vizuri. Shimoni, kwa tochi, inajaa chembechembe, na kamba iliyokatika haionekani kama imekatika. Tulipeleka foto za namna hiyo kwa bosi mmoja. Akajibu haoni kitu. Apareyi kubwa ingeona, lakini mlinzi wa kariere naye angeiona mlangoni na kuinyang'anya. Kwa hiyo tubaki na telefone, ila tuitumie sawa Alice: itulizwe juu ya jiwe, tochi mbili au tatu ziwake, nyundo iwekwe kando kama kipimo, usivute picha kwa vidole bali usogee mwenyewe kama mahali ni salama. Na utunze foto ya kwanza ndani ya telefone, juu WhatsApp inaibana.

Tusimpe Alice sifa zote. Tume ya uchunguzi ilipofika Baringa mwishoni mwa 1904, chifu Lontulu aliweka mezani vijiti 110, kila kimoja mtu wake aliyeuawa. Hakuwa na apareyi yoyote.

Novemba 1908 Leopold alilazimika kuiachilia Kongo kwa Ubelgiji. Kazi ya kulazimishwa iliendelea, na mwaka 1911 Alice na mume wake walirudi tena Kongo kuangalia. Alikufa Novemba 1970, akiwa na miaka 100, Kongo ikiwa imetimiza miaka kumi ya uhuru.